Tangazo la Serikali si pilau ya kampeni

Mbwa anayebweka usiku hunyamazishwa kwa njia tatu. Ya kwanza ni rungu. Ya pili ni mfupa. Ya tatu ni kumwacha na njaa mpaka sauti imkauke yenyewe. Wakubwa wa nchi hii wamezijaribu zote kwa magazeti, lakini sisi vijana wa mjini tunaijua vizuri ile ya kwanza tu, maana ndiyo yenye kishindo.

Rungu tuliliona mchana kweupe. Kati ya Juni na Oktoba 2017 magazeti manne, Mawio, MwanaHalisi, Raia Mwema na Tanzania Daima, yalifungiwa moja baada ya jingine. Juni 2020 Tanzania Daima likanyang'anywa leseni kabisa. Februari 2022 Serikali ikatangaza kurudisha leseni za magazeti manne, yakiwamo MwanaHalisi, Mawio na Tanzania Daima, na watu wakapiga makofi. Haya, tulishukuru. Lakini leseni hainunui karatasi wala wino. Gazeti lililorudishiwa leseni bila matangazo ni sawa na dereva wa daladala aliyerudishiwa leseni yake akakuta gari limeshauzwa.

Mfupa na njaa havina kishindo. Vinafanyika ofisini, kwa simu na kwa mafaili, na jina lake la heshima ni "matangazo ya Serikali". Nani apewe? Nani anyimwe? Alipwe bei gani? Alipwe lini? Kwa maswali hayo manne gazeti linaweza kunenepeshwa au kuuawa bila waziri yeyote kutia saini amri ya kulifungia. Hoja yangu leo ni moja: majibu ya maswali hayo yanatakiwa yaandikwe ndani ya sheria, na Bunge limekwisha kuyakwepa mara mbili.

YANAKUHUSU NINI?

Najua kijiweni yupo atakayedakia: "Mimi nauza viatu Karume, mimi naendesha bodaboda Tandika, matangazo ya magazeti yananihusu nini? Hayo si ya wenye magazeti na wakubwa wao?"

Ndugu yangu, hebu chukua gazeti lolote ufungue kurasa za katikati, zile unazozipita haraka kwenda kwenye mpira. Pale ndipo nchi inapouzwa na kugawanywa. Pale utakuta zabuni za halmashauri. Utakuta nafasi za kazi. Utakuta mnada wa nyumba ya mtu aliyeshindwa mkopo. Utakuta hati ya kiwanja iliyopotea, na mwenye pingamizi anaambiwa ajitokeze kabla ya tarehe fulani. Utakuta mirathi ya marehemu ambaye pengine ni mjomba wako. Usiposoma, tarehe inapita, na ukienda kulalamika unaambiwa kwa sauti ya upole: "Lakini tulitangaza."

Tulitangaza! Neno hilo limewatoa watu wengi kwenye haki zao.

Sheria ya wauza minada, tuliyoirithi kwa mkoloni, inataka ardhi isipigwe mnada mpaka tangazo litolewe si chini ya siku 14 kabla. Inataka tangazo hilo liwe kwa Kiswahili pamoja na Kiingereza. Tena inataka itumike na njia nyingine ambayo hata mtu asiyejua kusoma ataielewa. Mkoloni huyohuyo aliyetutoza kodi ya kichwa aliona kwamba tangazo lisilomfikia mwenye mali halijatangazwa. Leo tuna Katiba ya mwaka 1977 ambayo Ibara yake ya 18 inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa za mambo muhimu kwa maisha yake na kwa jamii. Je, taarifa hiyo tutaipata wapi ikiwa tangazo limewekwa kwenye gazeti ambalo mtaani kwako halifiki, eti kwa sababu lile linalofika linamuudhi Mheshimiwa?

Chukua mfano unaokugusa moja kwa moja. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na katika hiyo asilimia 4 ni ya vijana. Sheria ya Ununuzi wa Umma nayo inataka asilimia 30 ya manunuzi ya kila taasisi ya umma itengwe kwa makundi maalumu, na vijana tumo. Ni fedha nyingi hizo. Lakini kijana hawezi kugombea kitu ambacho hakusikia kwamba kipo. Wenye shangazi ofisini wanasikia. Wenye kadi ya chama tawala wanasikia. Sisi akina yakhe tunasikia siku majina ya waliopata yanapobandikwa ukutani.

Kwa hiyo tangazo la Serikali lina wenyewe wawili: gazeti linalolichapisha, ambalo linastahili kulipwa, na wewe unayetakiwa kulisoma. Likichezewa, mnaibiwa wote wawili.

BUNGE LILIPOFIKA HAPO

Sasa twende Dodoma. Kwa miaka 40 magazeti yalikuwa chini ya Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976, sheria ya enzi za chama kimoja. Mwaka 2016 Serikali ikapeleka muswada wa Sheria ya Huduma za Habari. Waziri wa habari wakati huo alikuwa Nape Nnauye. Wahariri, Baraza la Habari na watetezi wa haki waliomba wapewe muda zaidi wausome na kuujadili. Kambi ya upinzani bungeni iliupinga. Haikusaidia kitu. Novemba 2016 muswada ukapitishwa, na Rais John Magufuli akautia saini mwezi huohuo.

Watu walipigia kelele faini, vifungo na leseni, na walikuwa na haki ya kupiga kelele. Wakati huo huo, ndani ya kifungu cha 5, kwenye orodha ya kazi za Mkurugenzi wa Idara ya Habari, kilijificha kijimstari kidogo: kuratibu matangazo ya Serikali. Kijimstari tu, maneno yasiyojaza kiganja. Lakini hebu kipime. Ofisa huyohuyo anayetoa leseni za magazeti, ambaye ni msemaji wa Serikali inayoandikwa na magazeti hayo, anakabidhiwa na kamba ya matangazo. Wazee walisema mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Hapa mwenye mbuzi, mwenye kamba na mwenye kisu wakawa mtu mmoja.

Serikali ilikuwa na majibu yake, na tuyaseme kwa haki. Ilitaka taasisi zake zisitapanye fedha ovyo, ilitaka utaratibu mmoja. Si hoja ya kipuuzi. Kila mmoja wetu anajua ofisi za umma zinavyoweza kulipia ukurasa mzima wa rangi kumpongeza bosi kwa kutimiza mwaka kazini. Lakini dawa ya ubadhirifu ni kanuni zinazosomeka na kila mtu, na kijimstari kile hakikuwa na kanuni hata moja. Hakikusema bei. Hakikusema kigezo. Hakikusema tarehe ya kulipa. Kilimtaja mratibu tu, wakakaa kimya.

Jukwaa la Wahariri Tanzania na wadau wenzao walikipigania kijimstari hicho kwa miaka. Mahakama ya Afrika Mashariki nayo, Machi 2019, ikasema vifungu kadhaa vya sheria ile vinakwenda kinyume na mkataba wa Jumuiya, hususan vile vinavyobana uhuru wa habari. Hatimaye Juni 2023 Bunge likapitisha marekebisho, na kijimstari cha kuratibu matangazo kikafutwa. Aliyekuwa waziri wa habari siku hiyo? Nape Nnauye huyohuyo, aliyekuwa amerudi kwenye wizara hiyo mwaka 2022. Dunia duara.

Walioshinda walishangilia, na mimi nawapa hongera yao. Lakini ushindi ule ulikuwa nusu. Ubishi bungeni ulihusu nani ashike kamba. Hakuna aliyeandika kamba iwe na urefu gani. Kufuta mratibu mmoja kumerudisha uamuzi kwa kila mkurugenzi, kila ofisa manunuzi, kila ofisa habari wa taasisi. Nao wana mabosi, na mabosi wana vyama na hasira zao. Simu moja ya kumwambia ofisa "gazeti lile achana nalo" haihitaji kifungu chochote cha sheria. Soma Sheria ya Huduma za Habari mwanzo hadi mwisho baada ya marekebisho yote: hutakuta bei ya tangazo la umma, wala siku ya mwisho ya kulilipa.

DENI LINAVYOUA

Kwa asiyejua biashara hii, ngoja nimfafanulie. Gazeti huuza nafasi yake kwa sentimita na safu. Ukurasa wa mbele ni ghali, wa ndani nafuu, wa rangi una bei yake. Taasisi ya Serikali inaleta tangazo na barua ya kuagiza, ile LPO. Gazeti linachapisha kesho yake. Mwenye mtambo wa kuchapa anataka fedha yake sasa hivi, maana karatasi inatoka nje kwa dola. Muuza magazeti anachukua kamisheni yake, na nakala zisizouzwa zinarudi, hazina kazi tena isipokuwa kufungia maandazi. Mhariri, mwandishi na dereva wanasubiri mwisho wa mwezi.

Na Serikali? Inasubiriwa. Unakwenda leo unaambiwa mhasibu yuko safarini. Wiki ijayo unaambiwa faili liko juu. Mwezi wa tatu unaambiwa fungu limekwisha, subiri mwaka mpya wa fedha. Mwaka mpya wa fedha unaambiwa hilo ni deni la zamani, lihakikiwe kwanza. Danadana mtindo mmoja.

Utamu wa mchezo uko kwenye kodi. Tuseme, kwa mfano tu, tangazo lina bei ya sh 2,000,000. Gazeti lililosajiliwa kwa Kodi ya Ongezeko la Thamani linaongeza asilimia 18, yaani sh 360,000. Ankara ikishatolewa, kodi hiyo imeshahesabika, na haiulizi kama mteja amekwisha kulipa. Kwa hiyo Serikali kwa mkono wa kushoto inakaa na sh 2,000,000 za watu, na kwa mkono wa kulia inakuja kudai sh 360,000 za tangazo ambalo yenyewe haijalilipia. Ukichelewa, adhabu na riba ni juu yako. Serikali ikichelewa, ni "changamoto za mtiririko wa fedha". Kijana wa kawaida akifanya hivyo kwa mama ntilie, akala wali wiki nzima kisha akamtoza mama yule ushuru wa sahani, mtaa mzima ungemzomea.

Serikali yenyewe inajua. Januari 2023 iliunda kamati chini ya mwanahabari mkongwe Tido Mhando ichunguze hali ya uchumi wa vyombo vya habari, na madeni ya matangazo yalikuwa miongoni mwa vilio vikubwa vya sekta hiyo. Viongozi wamekwisha kutoa maagizo majukwaani kwamba madeni yalipwe. Maagizo ni mazuri, yanapigiwa vigelegele. Lakini agizo la jukwaani likipuuzwa hakuna anayefungwa, na gazeti haliwezi kulipeleka mahakamani. Sheria ikipuuzwa, angalau kuna hakimu wa kumwendea.

Sasa tazama deni hilo linavyofanya kazi ya kisiasa. Mwenye gazeti anayedai Serikali mamilioni ya shilingi ni mtu anayesubiri hisani. Mwandishi wake akileta habari kwamba barabara ya mkandarasi fulani imechimbika kabla ya kuzinduliwa, bosi anajikuna kichwa. Anaifikiria ile ankara iliyo mezani kwa katibu wa wizara hiyohiyo. Habari inawekwa pembeni "ifanyiwe kazi zaidi". Hakuna aliyetishwa. Hakuna simu iliyopigwa. Wewe msomaji utanunua gazeti asubuhi, utaona picha ya Mheshimiwa akikata utepe, na hutajua kamwe kwamba ukurasa ule ulikuwa wa barabara iliyochimbika.

MAJIRANI WAMEPITIA HAPAHAPA

Mtu asije akasema haya ni majungu ya wapinzani wa Tanzania. Afrika imeyaona. Uganda mwaka 1993 Serikali iliziagiza ofisi zake ziache kutangaza kwenye gazeti la The Monitor, gazeti changa lililoanzishwa mwaka mmoja tu kabla, na zuio hilo likadumu mpaka mwaka 1997. Namibia mwishoni mwa mwaka 2000 Serikali ilipiga marufuku matangazo yake kwenye The Namibian kwa sababu lilionekana linaikosoa mno, na marufuku ile haikuondolewa mpaka mwaka 2011. Zaidi ya miaka 10 ya njaa!

Botswana ndiyo yenye somo. Mwaka 2001 Serikali iliamuru wizara na mashirika yake yasitangaze tena kwenye Botswana Guardian na Midweek Sun. Wenye magazeti wakaenda Mahakama Kuu. Mahakama ikasema Serikali haiwezi kutumia fedha za matangazo kuadhibu gazeti kwa maoni yake, maana huko ni kuvunja uhuru wa kujieleza uliomo kwenye Katiba. Nchi ni hiyohiyo ya Afrika, majaji walewale wa mavazi meusi. Tofauti ni kwamba mtu alithubutu kwenda, na jaji akathubutu kusema.

Kenya nao walianza kwa nia ya kupunguza gharama. Mwaka 2015 wakaunda wakala mmoja wa matangazo ya Serikali, wakaanzisha na kijarida kiitwacho MyGov kinachoingizwa ndani ya magazeti. Mwaka 2017 ikatoka amri kwamba matangazo ya wizara na mashirika yaingie humo tu, na wahariri wakalalamika kwamba wananyongwa. Machi 2024 amri nyingine ikataka matangazo ya redio na televisheni yapelekwe KBC peke yake, suala likafikishwa mahakamani. Madeni ya wakala ule kwa vyombo vya habari yakafika mabilioni ya shilingi za Kenya, mpaka kamati ya Bunge lao ikawa inauliza maswali. Yaani mlango mmoja wa kulipia umegeuka mlango mmoja wa kufungia. Hilo ndilo lingetukuta na sisi kama kijimstari cha mwaka 2016 kingekomaa.

HOJA ZA WABISHI

Wapo wanaosema: "Magazeti yamekufa, siku hizi kila kitu kiko mtandaoni." Wana ukweli. Tangu mwaka 2023 zabuni za umma zinapitia mfumo wa NeST, na mimi siombi zirudishwe kwenye karatasi. Mfumo ule unapunguza ujanja wa bahasha chini ya meza. Lakini tovuti ya Serikali inaendeshwa na Serikali. Kilichowekwa asubuhi kinaweza kuondolewa jioni, na wewe ukaambiwa kilikuwapo tangu wiki iliyopita. Gazeti lililochapwa tarehe 5 litabaki la tarehe 5 hata waziri akasirike vipi, na nakala yake unaweza kumpelekea hakimu. Isitoshe, bando linaisha. Ile meza ya magazeti pale kituoni, ambapo watu 20 wanasoma vichwa vya habari bila kununua hata kimoja, haihitaji bando.

Wapo wengine wanaosema: "Fedha za walipakodi zisitumike kubeba magazeti yanayokufa." Hapa tunakubaliana kabisa. Sitaki gazeti lolote libebwe, liwe la Serikali, la chama tawala au hili unalolisoma. Serikali inamiliki Daily News tangu ilipoanzishwa mwaka 1972 na HabariLeo tangu mwaka 2006. Yauze nafasi zake kwa bei na masharti yaleyale kama wengine. Tangazo likihitajika kisheria, Serikali ilinunue kama inavyonunua saruji: bei ijulikane, mzigo uhakikiwe, fedha itoke. Nani amewahi kusikia saruji ikinyimwa oda kwa sababu imeandika habari mbaya?

Wa tatu ndio wakali: "Ninyi wapinzani mnataka tu hela za Serikali mnayoitukana." Nitawajibu bila kuzunguka. Fedha za matangazo ya umma si mali ya chama kinachotawala. Mpinzani analipa kodi kwenye sukari, kwenye luku na kwenye vocha kama mwanachama wa chama tawala. Gazeti dogo lenye nakala chache lipate kidogo, kubwa lipate kikubwa, kwa hesabu. Na tukubaliane kwamba siku sisi tukishika nchi, sheria hiyohiyo itatufunga mikono. Mimi sina imani na mwanasiasa yeyote anayeachiwa mfuko usio na kamba, hata akiwa wa chama changu. Wengi wanaopigania mageuzi leo wana hasira zao pia, na hasira ikipewa kitabu cha hundi haikawii kuota meno.

Wenye magazeti nao wasijifiche nyuma yangu. Wapo wanaodanganya idadi ya nakala. Wapo wanaoitoza ofisi ya umma bei mara mbili ya duka la jirani kwa kujua watasubiri malipo mwaka mzima. Wapo wanaolipwa na bado mwandishi wao anakaa miezi bila mshahara, anaishi kwa bahasha za semina, kisha tunashangaa habari zinakuwa za kusifia semina. Haki inayodaiwa Dodoma ianzie na kwenye meza zao.

KIANDIKWE NINI?

Kwanza, bei. Kila gazeti lisajili bei zake na zichapishwe hadharani, na ofisi ya umma ilipe bei isiyozidi anayolipa mteja wa kawaida kwa nafasi ileile. Isizidi, na isipunguzwe kwa vitisho.

Pili, muda. Siku 30 tangu ankara ipokelewe. Zikipita, riba ianze kuhesabiwa kama ile ambayo Mamlaka ya Mapato inamtoza mfanyabiashara anayechelewa. Na kodi ya tangazo hilo isidaiwe mpaka Serikali yenyewe iwe imelipa.

Tatu, vigezo. Nakala zinazouzwa, zilizohakikiwa na mkaguzi huru, eneo gazeti linakofika, na lugha. Tangazo linalomhusu mtu wa Mwanjelwa au Kirumba lichapwe Kiswahili, kwenye gazeti linalofika Mwanjelwa na Kirumba.

Nne, hesabu wazi. Kila miezi mitatu kila taasisi ibandike orodha: gazeti gani, tangazo gani, shilingi ngapi, limelipwa lini. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali aikague orodha hiyo kama anavyokagua mafuta ya magari.

Tano, marufuku. Iwe kosa kwa ofisa yeyote kunyima, kuchelewesha au kuongeza matangazo kwa sababu ya habari au maoni. Gazeti lililoonewa liwe na mahali pa kukata rufaa, mbali na ofisi inayotoa leseni.

Mambo matano tu. Yanaingia kwenye ukurasa mmoja wa muswada. Hayahitaji safari ya mafunzo Ulaya wala kamati nyingine.

Najua utaniuliza nani ayapitishe, wakati tangu uchaguzi wa 2020 Bunge letu ni la rangi moja karibu lote. Ni kweli, sauti yetu mle ndani ni ndogo kuliko kipaza sauti cha Spika. Lakini usikunje mikono. Iko Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ambayo inampa raia wa Tanzania haki ya kuomba taarifa kwa ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa kumjibu ndani ya siku 30. Basi vijana wa kijiwe kimoja wachange fedha ya karatasi na wino. Waandike barua kwa mkurugenzi wa halmashauri yao, maswali matatu: mwaka wa fedha uliopita mlitangaza kwenye magazeti gani, mlitakiwa kulipa shilingi ngapi, na mpaka leo mmelipa ngapi?

Wapeleke kwa mkono, wagongewe muhuri wa kupokelewa, wabaki na nakala. Akijibu, majibu hayo yatakuwa na kazi. Asipojibu, ukimya wake nao utakuwa na tarehe na muhuri. Barua 50 za namna hiyo kutoka mitaa 50 haziwezi kufungiwa kama gazeti, na mbunge wa rangi yoyote atalazimika kuzitolea maelezo atakaporudi kuomba kura. Siku hiyo akileta pilau, kuleni. Kisha mwambieni kwamba mnasubiri bado majibu ya barua, na kwamba dawa ya deni ni kulipa.